Utalii wa jamii kwenye msitu wa mvua: andikeni mgao kabla mgeni wa kwanza hajafika

Ugomvi wa fedha ndio unaovunja miradi mingi ya utalii wa jamii msituni, yaani ile ambayo wenyeji hupokea wageni na kugawana mapato na kampuni, na mara nyingi huanzia kwenye kifungu cha mgao. Kampuni ikiahidi jamii asilimia fulani ya faida, ulizeni ni gharama zipi zitakatwa kwanza: mishahara ya mameneja, mafuta ya boti, matangazo, riba ya mkopo wa ujenzi. Msipozitaja kwenye mkataba, vyumba vitajaa na faida itasomeka sifuri. Daini pia ada kwa kila mgeni kwa kila usiku, ilipwe hata kama faida haipo. Ada hiyo yeyote mwenye daftari la wageni anaweza kuihesabu.

Jamii ya Infierno, kando ya mto Tambopata nchini Peru, iliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya Rainforest Expeditions mwaka 1996. Katika nyumba ya wageni ya Posada Amazonas, jamii ilipewa asilimia 60 ya faida, kampuni 40, na maamuzi yakawa nusu kwa nusu. Wengi huiga asilimia wakasahau maamuzi.

Fedha zisiishie kwenye jengo la pamoja tu. Aliyekuwa akiishi kwa kutega wanyama halishi watoto wake kwa darasa jipya, kwa hiyo atarudi kwenye mitego. Mpeni yeye kazi ya kwanza ya kuongoza wageni, maana anaujua msitu kuliko wote, na wekeni zamu iliyobandikwa ukutani ili ukoo mmoja usihodhi kazi.

Njia za msituni zinahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Upana wa mita moja unatosha. Penye matope wageni hupita pembeni, njia inapanuka, mizizi inabaki wazi na miche inakanyagwa. Kwenye mteremko lazeni magogo mshazari ili maji yatoke nje ya njia. Penye tope jengeni daraja la mbao. Mbao za msituni huota utelezi upesi, hivyo pigilieni juu yake waya wa kuku, mkikunja ncha zake chini zisichome miguu.

Idadi ya wageni iwekwe mapema. Bwindi, Uganda, familia moja ya sokwe aina ya gorila hutembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja, kwa kuwa wanyama hawa huambukizwa magonjwa ya njia ya hewa ya binadamu. Mwongozaji awe na mamlaka ya kumrudisha mgeni anayekohoa, na kanuni ya kurudisha nauli na kiingilio iwe imeandikwa. Bila hiyo, ataogopa kukosa bakshishi na kumpitisha.

Picha za watu na maeneo ya ibada zinahitaji idhini ya wenyewe, kila mara.

Msiache mashamba. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona, na waliotegemea wageni peke yao walikosa kipato ghafla. Tengeni akiba ya miezi ya ukame wa wageni.

Kila mwezi piteni njia zilezile mkihesabu mitego. Ikiongezeka huku mapato yanapanda, fungueni daftari la malipo mtazame ni kaya zipi za ukingoni mwa msitu ambazo majina yao hayamo.