Mkanda Si Mnyororo: Ninavyoitunza Skuta Yangu Kampala

Katika mwaka wa pili wa kumiliki skuta yangu ya cc 200, nilikuwa safarini kwenda Jinja, nimeshapita Lugazi, injini ilipopiga kelele ghafla huku gurudumu la nyuma likikosa nguvu kabisa. Nikaisukuma hadi kando ya lami, malori ya mizigo yakinipita karibu. Fundi wa kwanza aliyefika alitafuta waya wa klachi, akaukosa, akatafuta mnyororo, akaukosa pia, mwishowe akavuta mafuta mara mbili, akasikiliza, akasema, “Ssebo,” yaani bwana kwa Kiganda, “injini yako ni nzima.” Alisema kweli. Kilichokatika kilikuwa mkanda, uliofichwa ndani ya kasha la upande wa kushoto, mahali ambapo mtu aliyezoea pikipiki za boda boda hana sababu ya kupachungulia.

Skuta za ukubwa wa kati, yaani za cc 125 hadi 300 hivi, kwa kawaida hazina gia za kukanyaga kwa mguu. Nguvu ya injini hupitia mkanda wa mpira unaozunguka puli mbili, na ndani ya puli ya mbele mna rola ndogo, mara nyingi sita, ambazo hutupwa nje kadiri mzunguko unavyoongezeka, zikaibana puli na kuupandisha mkanda. Rola zikichakaa hupata ubapa upande mmoja, na mkanda ukiisha hupungua upana, kwa hiyo haufiki tena ukingoni mwa puli. Dalili zake huja polepole mno, ndiyo maana nilizipuuza: injini hunguruma kuliko mwendo unaopatikana, chombo hutetemeka unapoondoka kwenye mataa, na kilima ulichokuwa ukikipanda bila taabu huanza kukushinda. Mkanda wangu ulikatika baada ya kilomita 23,000. Siku hizi hulifungua kasha kila baada ya kilomita 5,000 na kuukunja mkanda kwa vidole nikitafuta nyufa kati ya meno yake.

Kosa lililonigharimu zaidi lilitokana na wema. Fundi mmoja mjini, kijana mwenye bidii, aliupaka mkanda mpya grisi kama vile anavyopaka mnyororo wa pikipiki, akanirudishia skuta kwa tabasamu. Mnyororo unahitaji mafuta. Mkanda unahitaji ukavu, kwa kuwa kazi yake yote ni kushika nyuso za puli. Kabla sijafika nyumbani ulikuwa umeanza kuteleza, harufu ya mpira ulioungua ikanifuata njia nzima, nami nikanunua mwingine. Tangu hapo husimama pale pale fundi anapofanya kazi, hata kama ananiona msumbufu.

Vumbi letu jekundu ndilo adui wa pili. Kasha la mkanda hupozwa kwa hewa ya nje, na skuta nyingi zina sponji ndogo ya kuchuja hewa hiyo, tofauti kabisa na chujio la injini. Wengi wetu hatujui kama ipo. Ya kwangu niliikuta imekuwa kama tofali. Msimu wa mvua tatizo hugeuka kuwa maji, na anayepita karibu na Clock Tower hapa Kampala siku ya mafuriko anajua ninachosema. Maji yakiingia ndani ya kasha, mkanda huteleza. Usiivutie injini mafuta kwa nguvu; mara nyingi mkanda hukauka ukiiacha injini izunguke kwa muda, skuta ikiwa juu ya stendi ya kati.

Oili nayo ni za aina mbili. Ya injini hakuna anayeisahau, lakini gia za gurudumu la nyuma zina oili yake, kiasi kidogo tu, mara nyingi kati ya mililita 100 na 200, ambayo fundi hawezi kuikumbuka usipomtajia.

Kuhusu matairi, kumbuka kuwa gurudumu la inchi 12 au 13 huzama kwenye shimo ambalo boda boda ya inchi 17 inalivuka. Mimi hupima upepo kila Jumatatu.

Kwa anayefikiria kununua skuta iliyotumika, ushauri wangu ni huu: kabla ya kulipa, nenda Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, na namba ya modeli mkononi, uulizie mkanda na rola. Kama maduka matatu yanakuambia viagizwe, basi bei nafuu uliyotajiwa si nafuu. Ukivipata, nunua mkanda wa akiba siku hiyo hiyo. Wangu umo chini ya kiti, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, mbali na chupa ya oili.