Nauli na kodi ya nyumba unapoanza kazi Mwanza

Ndugu, umeuliza kama mwajiri wako mpya ni lazima akulipie gharama za kuhama kutoka Bukoba kwenda kazini Mwanza. Hapana, mwajiri wa sekta binafsi halazimiki kisheria kukulipia gharama za kuhamia Mwanza, isipokuwa kama mkataba wako unasema hivyo. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinahusu safari ya kurudi: ajira ikikoma mbali na mahali ulipoajiriwa, mwajiri hukusafirisha wewe na mizigo yako au hukulipa gharama hizo. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, hakikisha mahali ulipoajiriwa pameandikwa kuwa ni Bukoba, na uombe sehemu ya mshahara wa kwanza mapema, kwa maandishi.

Nauli si mzigo mkubwa, hasa ukipitia ziwani kwa meli. Kinachoumiza ni mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye akitaka ya mwezi mmoja. Mimi ningepanga chumba kimoja kwanza, maeneo ya Buhongwa au Igoma hapo Mwanza, godoro likatosha, vyombo vingine vikafuata baada ya mshahara. Haya ni ya sekta binafsi; kwa gharama za kuhama, watumishi wa umma wana utaratibu wao tofauti.