Anodi za nyuzi nano: pima kabla ya kushangilia

Wewe unayeingia maabara ya betri leo, picha za nyuzi nano, nyuzi nyembamba mno za kaboni, kwenye hadubini ya elektroni zitakuteka. Mimi zilinilevya miezi mingi, hadi mizani iliponizindua.

Kipande cha kujaribia cha anodi, yaani upande hasi wa betri unaopokea lithiamu wakati wa kuchaji, mara nyingi kina miligramu 1 hivi ya kaboni. Mizani ikikosea miligramu 0.1, matokeo yako yamepinda kwa asilimia 10. Siku moja kipande changu kimoja kilionyesha uwezo mkubwa wa kuhifadhi chaji kwa gramu kuliko wenzake wote wa mkeka uleule wa nyuzi, nikatamba nacho mchana kutwa. Kumbe nilipima kijidirisha cha mizani kikiwa wazi kidogo, na feni inavuma. Tangu hapo napima kila kipande mara tano.

La pili ndilo huwameza wengi. Seli tunazoanza nazo, yaani betri ndogo za majaribio, zina lithiamu tupu upande wa pili, tena nyingi kupita mahitaji, kwa hiyo hasara ya mzunguko wa kwanza wa kuchaji na kutoa chaji haikuumi. Lakini nyuzi nyembamba zina uso mpana mno. Elektroliti, kimiminika kinachopitisha lithiamu kati ya pande mbili, huvunjikia hapo na kujenga utando, na lithiamu iliyonaswa humo hairudi. Ukiingiza miliampia-saa 600 kwa gramu ukatoa 390, ufanisi ni asilimia 65. Kwenye betri kamili, lithiamu yote inatoka kwenye kathodi, yaani upande chanya. Hiyo asilimia 35 utaitoa wapi? Mtu akinionyesha mizunguko 500 isiyoshuka, mimi namuuliza kwanza kuhusu ule wa kwanza.

Silikoni nayo inatamanisha: takriban miliampia-saa 3,600 kwa gramu, dhidi ya 372 za grafiti, kaboni ya anodi za kawaida. Ila ikijaa lithiamu huvimba mara tatu au zaidi, kisha hupasuka. Iache na nafasi ya kupumua ndani ya uzi.

Kwenye tanuru, usikimbilie kuunguza. Nyuzi za poliakrilonitrili, plastiki inayogeuzwa kuwa kaboni, zipashe kwanza kwenye hewa ya kawaida, polepole, hadi kama sentigredi 250 au 280. Mkeka mweupe unageuka manjano, halafu kahawia iliyokolea. Ubane kingo, maana hunywea. Ndipo uingize argoni, gesi isiyounguza nyuzi, na kupanda hadi 800 na zaidi. Ukiruka hatua ya kwanza, nyuzi hugandana, na utatoa kitu kama karatasi iliyoungua.

Na unyevu wa chumba uandike daftarini kila unaposokota nyuzi, hata siku ambayo mashine ya kusokotea haikukusumbua. Mkeka wa wiki ijayo ukija na vishanga, yaani vinundu kwenye nyuzi, utapekua ukurasa huo kwanza.