Nyumba ya kupangisha Makorora: fundi kasema maji yanatuama

Dada, usiikimbie hiyo nyumba ya Makorora, Tanga, unayotaka kuinunua uipangishe, kwa sababu tu fundi uliyempeleka kuikagua ameona maji yanatuama nyuma na chumvi imepanda ukutani. Ila usitoe hata shilingi kabla hujajua maji yanatoka wapi.

Kama ni ya paa, umepona: mabomba ya kukinga mvua na kijimtaro cha saruji vinatosha. Kama kiwanja kiko chini ya barabara, hapo pana kazi, maana maji ya mtaa mzima yatakuwa wageni wako kila masika. Nenda siku mvua inanyesha, hata kama muuzaji atanuna. Waulize majirani, na hasa mpangaji wa chumba cha nyuma, dalali hatakwambia.

Fungua na karo la choo, yaani shimo la majitaka, uangalie. Likijaa maji ya mvua, choo kitarudisha, na wapangaji watahama kabla kodi haijaisha.

Halafu mwite fundi mwingine akupe gharama kwa maandishi, uzipunguze kwenye bei. Muuzaji akisema atatengeneza mwenyewe, iandikwe kwenye mkataba mbele ya wakili, na sehemu ya pesa ubaki nayo mpaka masika ipite.