Jibu: Usimfukuze mpishi kabla hujapima ndoo za makombo

Dada mleta uzi, pole. Umesema una gesti ya vyumba sita na mgahawa mbele yake, kila jioni mnamwaga chakula, na unauliza kama ubadilishe mpishi. Mimi nina gesti ya vyumba tisa hapa Morogoro na nilishafika hapo ulipo. Wa kwangu nilikuwa nimeshamwandikia barua kichwani.

Kilichoniokoa ni mizani ya kupimia nyama na ndoo tatu. Nyekundu iliwekwa mabaki yanayorudi kwenye sahani, bluu chakula kilichopikwa kikakosa mlaji, nyeupe vilivyoharibika kabla ya kupikwa: nyanya, maziwa, mchicha. Maganda sikuyahesabu. Siku sita nikajumlisha, kilo 38. Nilikuwa naapa kwamba wateja ndio wanaobakiza, maana ndicho unachokiona kwa macho. Kumbe sahani zilitoa kilo 9 tu, stoo na friji kilo 5. Kilo 24 zilizobaki ni wali, maharage na supu ambayo hakuna aliyeiagiza.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Asubuhi tulikuwa tunapika kwa hesabu ya zamani. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, wageni wangu wa mikutano walibadilika: wengine wanarudi Dar siku hiyohiyo, wengine wanalala lakini wanaondoka alfajiri bila kugusa supu. Jikoni hakuna aliyeambiwa. Siku hizi mgeni akikabidhiwa ufunguo anaulizwa atakunywa chai saa ngapi, na apikiwe supu au mayai. Karatasi inabandikwa jikoni usiku. Yai halikaangwi hadi mwenyewe akae mezani, na madonge ya chapati yanasukumwa kwa idadi. Wa alfajiri anafungiwa chapati mbili na yai la kuchemsha. Hao ndio wanaonisifia kuliko wote, sijui kwa nini.

La pili ndilo nataka ulisome taratibu. Nilikuwa na utaratibu niliouona wa huruma: kinachobaki jioni, wafanyakazi wagawane wabebe. Sasa fikiria. Mpishi ana watoto nyumbani, mshahara wenyewe unaujua, halafu sufuria na mchele viko mikononi mwake. Nilipomwita na karatasi yangu ya kilo hakubisha. Akaniambia, "Mama, chakula kikiisha saa saba unanigombeza mbele ya wateja. Kikibaki hunigombezi, na wanangu wanakula. Ungekuwa wewe ungepika kiasi gani?" Sikuwa na jibu.

Utaratibu ule niliufuta, ila sikuwanyima. Chakula cha wafanyakazi sasa kinapimwa asubuhi pamoja na cha biashara, na kila mtu anaondoka na kopo lake, kibaki kisibaki. Kelele nazo nikaacha: wali ukiisha, mteja anaambiwa asubiri dakika 25 au ale chipsi. Wiki ya tatu ndoo ya bluu ilikuwa na kilo 7. Mpishi ni yuleyule.

Upishi wenyewe tuliugawa. Sufuria ya kwanza ya wali inaiva kabla ya saa sita, ya pili haiinjikwi mpaka tuhesabu vichwa saa saba kasoro. Maharage yanachemshwa mengi mara moja, lakini nazi inaingia kwenye yale ya kuuza saa ile tu. Maharage yaliyoungwa nazi yanachacha haraka. Ya kuchemsha matupu yanakaa kwenye friji hadi kesho bila shida.

Mchangiaji hapo juu amekushauri wali uliolala mezani uukaange asubuhi uuze. Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi wali unapopikwa, na wali ukikaa vuguvugu wanazaliana na kuacha sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Kama unataka kuutunza, utandaze kwenye sinia upoe upesi na uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Uliosahaulika mezani usiku kucha ni wa kumwaga, hata ukinukia vizuri.

Makombo yangu anachukua jirani mfuga nguruwe. Maganda ya ndizi na viazi anabeba hivyohivyo, ila mabaki ya sahani tumekubaliana ayachemshe nusu saa, yakitokota kwelikweli. Homa ya nguruwe ya Afrika haimdhuru binadamu, lakini virusi vyake hukaa ndani ya kipande cha kitimoto na vikiingia bandani vinafagia wote. Chanjo hapa kwetu hatuna. Kwa malipo ananiletea samadi ya bustani yangu ya mchicha.

Vyumbani sina mengi. Vile visabuni vidogo vinavyotumika usiku mmoja niliviacha, nikafunga chupa za kubonyeza ukutani. Maji ya kunywa nimeweka dumu la lita 20 kwenye korido. Mifuko ya plastiki tuliagana nayo tangu Juni 2019, lakini chupa bado zinatujazia mapipa. Nusu ya wageni hawaliamini dumu, wanataka chupa yenye kizibo kisichofunguliwa, na siwalaumu.

Umeuliza pia kwa nini maziwa yako yanachacha ndani ya friji inayowaka. Kabla hujaita fundi wa gesi, bana noti ya elfu moja kwenye mlango, ufunge, kisha uivute. Ikichomoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka. Jaribu pembe zote nne. Wangu ulikuwa umeachia pembe ya chini tu, upande wa bawaba, ambako huwezi kuona mpaka upige magoti.