Mwachie jike achague: kwa wanaofuga tilapia hapa Lubumbashi

Mvua zikianza tu, simu yangu haipumziki. "Mama, tilapia wangu wananenepa lakini vifaranga sioni." Wengi wanategemea niwatajie chakula. Mimi nauliza kwanza: madume wangapi, majike wangapi, na chini ya bwawa kuna nini? Huku Annexe, komini yetu ya Lubumbashi, tumezoea kufuga kana kwamba dume ndiye mwenye kauli. Dume kazi yake ni kujitangaza. Anayeamua ni jike.

Kaa kando ya bwawa jua likishapanda, maji yametulia. Dume wa tilapia wa Nile anachimba shimo kwa mdomo: anachota mchanga, anautema pembeni, anarudi tena. Koo na mapezi yanageuka mekundu. Jike akipita, dume anamtetemekea ubavuni na kumwongoza shimoni. Mara nyingi jike anageuza mkia na kwenda kutazama shimo la jirani. Akiridhika anataga, dume anamwaga mbegu, kisha jike anayaokota mayai mdomoni na kuondoka zake. Dume hana habari tena, anamsubiri mwingine. Jike atakaa siku kama 10 hadi 14 mdomo umejaa, karibu bila kula. Kwa mzigo huo, mbona asichague? Mwanasayansi Charles Darwin aliandika tangu mwaka 1871 kwamba uchaguzi wa majike unaweza kubadili sura ya madume kizazi hata kizazi.

Wala si macho peke yake. Kwa tilapia wa Msumbiji imeonekana kwamba dume mbabe huweka akiba ya mkojo na kuutoa zaidi anapombembeleza jike aliye tayari kutaga. Kunuka nako ni sifa, basi!

Kwa hiyo, dume mmoja na jike mmoja kwenye bwawa dogo la saruji, hapana. Jike akikataa hana pa kwenda. Atafukuzwa mpaka magamba yang'oke, na wengine hufa. Weka majike wawili au watatu kwa kila dume, na madume wawe zaidi ya mmoja kama nafasi ipo. Tupia vyungu vilivyovunjika au vipande vya bomba pana, jike apate pa kujificha. Tilapia wanaweza kutaga juu ya saruji tupu, lakini mimi naweka mabeseni mapana yenye mchanga, kila dume apate uwanja wake. Jike mwenye kidevu kilichovimba usimkimbize na wavu, atatema mayai yote.

Jambo linaloniudhi zaidi: watu wanauza samaki wakubwa wote, wanabakiza vidagaa ndio wawe wazazi. Hapo jike atachagua nini? Wazazi watenge kabla ya kuuza. Mgeuze samaki tumbo juu: dume ana matundu mawili, jike ana matatu.

Juni na Julai usijisumbue. Baridi yetu ya usiku inapoza maji, na tilapia wa Nile maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi hawana hamu ya kuzaa.

Kuna hatari nyingine. Katanga tuna tilapia wetu wa asili, makrokiri, na akichanganywa na wa Nile wanazaliana. Jike akibanwa mahali asipoweza kuwapambanua madume, huchukua aliyepo. Ziwa Viktoria lilishaonyesha hilo. Kuna samaki aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, dume wake ni mwekundu. Ndugu yake Pundamilia pundamilia ni wa bluu. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba pale maji yanapochafuka, rangi hazionekani vizuri na aina zinaanza kuchanganyika. Walipowaweka majike chini ya mwanga wa rangi ya chungwa unaoficha tofauti hiyo, waliacha kubagua.

Unaponunua wazazi, omba uwaone ndani ya beseni la maji safi kabla hujatoa franka. Tilapia wa Nile ana mistari wima iliyopangika vizuri mkiani. Ukiona mistari imekatikakatika, au ipo upande mmoja tu wa mkia, huenda amechanganyika: mrudishie muuzaji hata akikupunguzia bei.