Jibu: Baraza linalotazama magharibi, jua na maji ya masika

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba baraza la nyumba yako ya Dar es Salaam, linalotazama magharibi, halikaliki kuanzia saa tisa alasiri, na kwamba maji ya masika hutuama karibu na mlango wa sebule, hivyo unafikiria kulizungushia vioo.

Kabla ya kununua chochote, kagua sakafu kwa pimamaji kutoka mlangoni kuelekea nje: inapaswa kushuka walau sentimita 1 kwa kila mita, na isiposhuka, fundi aongeze tabaka la saruji na mchanga lenye mteremko, mradi lisifikie usawa wa kizingiti. Vioo havitaondoa maji hayo.

Kuhusu joto, kurefusha paa pekee hakutoshi, kwa sababu jua la alasiri huwa chini na miale yake hupenya chini ya ukingo wa paa lolote la kawaida. Mimi nilining'iniza chiki, yaani mapazia ya vijiti vya mianzi, upande huo, nikaacha nafasi juu na chini ili upepo upite, nasi tunakaa nje mchana kutwa. Vioo, kwa maoni yangu, viachieni nchi za baridi. Hapa vitanasa joto na kuzuia upepo. Kama nguzo zako zitahimili uzito zaidi, hilo alipime fundi aliye hapo.